Hapa Hatupalilii

Kila siku nikitoka shule nilipita njia ile ile: lango la chuma, kibanda cha mlinzi, kisha nyumba ndefu ya wavu alimofanya kazi mama mdogo. Mlinzi alikuwa na swali moja tu maishani. "Sindano, leo umemchoma nani?" Jina hilo nilipewa kwa ajili ya wembamba wangu na, ukweli usemwe, kwa ajili ya mdomo wangu. Nami nilimjibu, "Zamu yako bado." Alicheka, nikapita.

Mama mdogo ndiye aliyekuwa akinilea. Kazi yake ilikuwa kutunza vyungu katika kituo cha mbegu, na kazi ya kituo ilikuwa kutafuta kunde zisizoshindwa na kiduha. Kama hujawahi kukiona kiduha, shukuru. Ni gugu la maua ya njano, mazuri hata ya kuweka mezani, lakini halina haya hata kidogo. Mbegu zake ni laini kama vumbi. Hukaa ardhini miaka na miaka, na mzizi wa kunde ukipita karibu, huamka, huung'ang'ania na kuanza kuunyonya. Wiki nyingi hufanya hivyo chini kwa chini. Wewe huku juu unaona kunde zako zinanyong'onyea tu, hujui kinachozila. Gugu lenyewe likichomoza, limeshakula likashiba.

Mgeni angedhani watu wa kituo kile hawana akili timamu. Walichukua udongo mzuri, wakauchanganya na mbegu za kiduha kwa makusudi, halafu wakapanda kunde humo. Magugu yalipoota, hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa. Mlangoni palikuwa na kibao cha maandishi mekundu: HAPA HATUPALILII. Yaliachwa yaote ili yahesabiwe. Chungu kilichoota magugu mengi, kunde zake zilikuwa dhaifu. Chungu kisichoota hata moja kilikuwa na kunde za kutafutwa kwa tochi.

Tena, mwanzoni mwa kila safu paliwekwa chungu kimoja cha kunde ambazo kila mtu alijua haziwezi kiduha. Chungu hicho walikiita shahidi. "Shahidi akiugua," mama mdogo alinieleza, "tunajua kiduha kimo udongoni kweli. Ndipo tunawaamini wenzake waliobaki wazima." Zamani niliwaonea huruma mashahidi wale, jinsi walivyosimama manjano na kujikunja majani. Msimu ule nilianza kuwaogopa.

Niliwaogopa kwa sababu ya safu ya saba. Vyungu kumi na viwili vya safu hiyo, ukimwacha shahidi wake, vilipandwa mbegu za bibi, mbegu moja kila chungu.

Bibi, mama yake mama mdogo, alikuwa amefariki miezi mitatu kabla. Enzi za uhai wake alipanda kunde nyuma ya nyumba, na kila mwaka alichuma mbegu kutoka miche isiyonyauka tu. Alifanya hivyo miaka ishirini. Mbegu alizitia katika kopo la bati lililochubuka rangi, na msimu wa kupanda ulipofika alilitikisa karibu na sikio, chwa, chwa, chwa, kisha akasema, "Wapo wote." Alipenda kuwaambia majirani kwamba kiduha kilizipita kunde zake mbali. Walimcheka. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, tuliyemwita Mama Kelele, alicheka kuliko wote. "Bibi naye kwa hadithi! Kiduha kina macho ya kuchagua nyumba?"

Sasa nitasema nililolifanya. Bibi alipokuwa mgonjwa kitandani, nililichukua lile kopo nikacheza nalo kama kayamba. Nilikuwa nimekatazwa. Kifuniko kikafyatuka, mbegu zikamwagika mpaka nje ya mlango wa jikoni, na kuku hawakungoja kuitwa. Nilipowafukuza, zaidi ya nusu ilikuwa imekwenda. Nikaingia jikoni, nikachota kunde za kupika kutoka kwenye mfuko wake, nikajaza kopo mpaka pale mbegu zilipokuwa zimefika. Zilifanana: nyeupe, zenye jicho jeusi. Nilirudisha kopo mahali pake, nikanawa na uso.

Jioni ile bibi aliniomba nimpe kopo lake. Alilitikisa sikioni. Akaacha. Akalitikisa tena, polepole. "Leo linasema vingine," alisema, akanitazama. Nilitazama sakafu. Hakuniuliza kitu. Aliliweka kando ya mto, akafumba macho, na siku ya kumi na moja baada ya hapo alifariki.

Baada ya maziko mama mdogo alilipeleka kopo kituoni. "Mama alichekwa miaka ishirini," alisema. "Acha tuone alikuwa anasema nini." Ningeweza kufungua kinywa siku ile. Nilikuwa na mdomo wa kumjibu mlinzi, wa kumjibu mwalimu, wa kuwajibu wavulana wa nyuma ya darasa. Siku ile haukufunguka.

Tangu hapo lile kopo likaniandama. Mwalimu akitikisa kisanduku cha chaki, mimi hugeuka. Muuza karanga akipita na bakuli lake, mimi husimama. Mchana kweupe, nikifagia chumba alimolala bibi, nilisikia chwa, chwa, nikaacha ufagio na kutoka nje, kumbe ni mvua ya kwanza kwenye bati. Shoga yangu tuliyeketi naye dawati moja aliniuliza kama nina homa.

Wiki ya saba tangu kupanda, nikiwa nafanya hesabu zangu kwenye benchi la nyumba ya wavu, nilikiona. Katika chungu cha tatu cha safu ya saba, kitu kidogo cha kijani kilikuwa kimechungulia, kimeinama kama mtu aliyejificha. Ile kunde ni ya jikoni, nilijua tu. Lakini nani angejua hilo zaidi yangu? Watu wangesema hadithi ya bibi ilikuwa hadithi kweli, na Mama Kelele angekuwa na la kusema mpaka mwaka mwingine.

Mama mdogo alikuwa amekwenda kuteka maji. Nilikinyofoa. Kilikatika kwa urahisi, na chini ya udongo shina lake lilikuwa na rangi kali ya chungwa. Nilikitia mfukoni mwa sketi ya shule. Mahali pengine popote mtoto anayeng'oa magugu husifiwa. Niliinua macho, na kibao kilikuwa kinanitazama.

Nilidhani yamekwisha. Kumbe nilikata kichwa tu, mwili umebaki chini. Baada ya siku nne kilirudi, safari hii viwili. Kisha chungu cha pili nacho, na cha sita, na cha nane. Nilinyofoa kila siku nilipopata upenyo. Shingo iliniuma kwa kugeukageuka. Vidole vyangu vikapata madoa ya rangi ya chungwa yasiyotoka kwa sabuni.

"Una nini mikononi?" mama mdogo aliuliza.

"Chaki za rangi, mama mdogo. Tunachora ramani."

Alinipa limau nisugulie. Aliamini, na hilo ndilo lililonitesa. Kila Ijumaa alipita chungu hadi chungu na daftari lake, akihesabu kwa sauti. Safu nyingine zilisomeka nne, saba, kumi na moja. Akifika safu ya saba, sauti ililainika. Sifuri. Sifuri. Sifuri. Aliandika kila moja kwa mwandiko wake mzuri, akatia sahihi chini. Shahidi wa safu ile alikuwa amefunikwa na maua ya njano, majani yote chali, na kila nilipompita niliona kama anajua.

Mkuu wa kituo alikuwa mama mtu mzima, tuliyemwita Daktari. Alikuwa daktari wa mimea, lakini majirani walikuwa hawajali tofauti hiyo, wakimletea vikohozi na majipu yao. Alikuwa hacheki ovyo. Ijumaa ya mwisho aliipitia safu ya saba mara mbili, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaipitia mara ya tatu.

"Kumi na mbili, zote sifuri," alisema. "Na shahidi amekwisha kabisa. Sijaona safu kama hii tangu nianze kazi." Alimshika mama mdogo begani. "Mama yako alikuwa anafanya kazi yangu, tena bila mshahara. Jumatatu tuvune zote, tuzitie mfuko mmoja. Nusu tutazichavusha na kunde zinazozaa sana, ili kunde zitakazozaliwa zirithi nguvu hii. Nusu tuwape wakulima wachache wa jirani wazijaribu."

Mama mdogo alilia palepale, akijifuta kwa kiganja kama mtoto. Mimi nilitoka nje nikajificha nyuma ya kibanda cha mlinzi. Mlinzi hakunitania. Alinipa maji.

Habari ikafika nyumbani kabla yetu. Jumamosi asubuhi Mama Kelele alikuja, safari hii bila kelele. Alikaa kwenye kiti cha bibi, kiti ambacho tulikuwa hatujakikalia bado.

"Nimekuja kuomba radhi kwa marehemu," alimwambia mama mdogo. "Mimi nilimcheka, na yeye alikuwa anatuambia kweli. Mwaka jana kiduha kilinilia shamba zima. Wanangu umewaona walivyokonda. Nikipata mbegu za bibi, sipandi kitu kingine. Shamba lote nampa yeye."

"Utapata, dada," mama mdogo alisema. "Wewe utakuwa wa kwanza."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la chai. Nikawaona wanawe watatu wakipanda shamba lote kunde zangu za jikoni. Nikaliona gugu likianza kula huko chini, kimya, siku baada ya siku, na watu wote juu wakilishukuru jina la bibi. Chai ilimwagika kwenye sinia. Mama Kelele akasema, "Pole mwanangu, bado unamlilia bibi yako," akanivuta akanipakata, mimi mtoto wa miaka kumi na miwili. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Jumapili nilishinda nikijipanga maneno. Jumatatu nilipofika kituoni, nyumba ya wavu ilikuwa na joto, maganda ya safu ya saba yamekauka vizuri. Daktari alikuwa ameshika mfuko wazi. Mama mdogo alikuwa amenyoosha mkono kuchuma ganda la kwanza.

"Msivune!" Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyopanga. "Mama mdogo, msivune. Sifuri ni za uongo."

Mkono wake ukabaki hewani. "Unasemaje?"

"Nilikuwa nang'oa. Viliota, mimi nikaving'oa. Kila siku. Ndiyo yale madoa, hayakuwa chaki." Niliona nikinyamaza sitaendelea tena, nikayamwaga yote: kopo, kuku, mfuko wa jikoni, bibi alivyolitikisa na kusema linasema vingine. "Nilitaka wasimcheke. Bibi hakukosea. Mimi ndiye niliyemharibia."

Nje mlinzi alikuwa akipiga mluzi. Mama mdogo alilichukua daftari lake, akafunua kurasa moja moja, akitazama zile sifuri.

"Nimeziandika kwa mkono wangu," alisema hatimaye. "Nimetia sahihi. Wiki nne nzima, Sindano. Umenifanya niwe mwongo na mimi sijui." Aliweka daftari chini taratibu, akatoka nje. Ningependa zaidi kama angenipiga kofi.

Daktari hakumfuata. Alikunja ule mfuko akautia mfukoni mwa koti. "Unakumbuka vyungu ulivyong'oa?"

"Nakumbuka, Daktari. Cha pili, cha tatu, cha tano, cha sita, cha nane, cha tisa na cha kumi na moja."

"Saba. Na vile vitano vingine?"

"Havikuota kitu hata siku moja. Nilivitazama kila siku."

"Hm." Alinitazama mpaka nikataka kuinama, lakini sikuinama. "Leo siwezi kulitegemea neno lako, na sababu unaijua. Lakini mizizi haina sababu ya kudanganya. Lete bahasha kumi na mbili na beseni la maji."

Tulichuma maganda ya kila chungu, kila kimoja na bahasha yake na namba yake. Kisha Daktari alikipindua chungu cha kwanza, akanipa lile bonge la udongo. "Osha. Taratibu, usikate hata uzi."

Nililitumbukiza katika maji, nikapapasa. Udongo ulilainika, ukaondoka, mizizi ikabaki mikononi mwangu, myeupe, mirefu, safi kabisa. Daktari aliiinua kwenye mwanga, akaandika. Chungu cha pili nacho nikakiosha. Hapo vidole vyangu vilikutana na vitu vigumu, na maji yalipotulia niliviona: vinundu vya rangi ya chungwa vimeikumbatia mizizi, na juu yake visiki vifupi vya vile nilivyovikata. Vilikuwa hai bado. Muda wote niliodhani nimeviondoa, vilikuwa vikiendelea kula.

"Cha tatu," alisema Daktari.

Cha tatu kilikuwa na vinundu. Cha nne kilikuwa safi. Katikati ya kazi nilihisi mtu amechuchumaa kando yangu. Mama mdogo alikuwa amerudi, macho mekundu. Alimwaga maji machafu na kuniwekea mengine. Tano, vinundu. Sita, vinundu. Saba, safi. Tulipofika cha kumi na mbili mikono yangu ilikuwa imejikunja kwa maji, na orodha ya Daktari ilikuwa na saba wagonjwa na watano wazima. Namba zile zile nilizozitaja.

"Neno lako na mizizi vimekubaliana," Daktari alisema. Alizitenga bahasha tano, ya kwanza, ya nne, ya saba, ya kumi na ya kumi na mbili. "Hizi hapa, nadhani, ndizo za bibi yako. Nasema nadhani. Huenda zilinusurika kwa bahati tu. Msimu ujao tutazipanda upya, kila moja kwenye safu yake, na shahidi wake. Mwambieni jirani yenu asubiri."

"Nitamwambia mwenyewe," nilisema.

"Utamwambia mwenyewe," alisema mama mdogo. "Na kwenye kila ukurasa wenye sifuri zile utaandika wewe kwa mwandiko wako kilichotokea. Usichane hata karatasi moja."

Niliandika, kurasa nne. Kwa Mama Kelele nilikwenda jioni ile ile. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo kwake ni ajabu, kisha akasema, "Ungeniua na wanangu, mtoto wewe." Baadaye akaongeza, "Lakini umekuja kabla sijapanda." Hakunipakata. Mwaka ule alipanda mtama.

Msimu uliofuata zile safu tano zilipandwa. Sikuruhusiwa kuingia nyumba ya wavu. Niliketi kibandani kwa mlinzi, nikifanya hesabu zangu, na kila Ijumaa nilisikia sauti ya mama mdogo kupitia wavu. Mashahidi walisoma tisa, kumi na mbili, kumi na nne. Safu za bibi zikasoma sifuri, na sifuri, na sifuri, mpaka Ijumaa ya mwisho. Walipoosha mizizi, Daktari alimtuma mlinzi aniite. Alitaka nione kwa macho yangu.

Siku hiyo mama mdogo alirudi nyumbani na kopo la bibi. Tulikuwa wawili tu sebuleni. Alimimina humo mbegu alizopewa na Daktari, za kujaza kiganja tu, akafunga kifuniko.

"Unajua kilichonichoma ni nini?" aliniuliza. "Si kuku. Mtoto humwaga vitu. Hata bibi yako, nadhani alijua, akangoja useme mwenyewe. Kilichonichoma ni hiki: ulipowaficha wagonjwa, uliwafanya wagonjwa na wazima wafanane. Bibi yako alikuwa mle, katika vyungu vitano, anasema kweli yake. Wewe ukampaka sifuri sawa na kunde za jikoni. Kama tungezitia zote mfuko mmoja, tungempoteza humo humo, na safari hii hakuna ambaye angejua pa kumtafuta. Uongo wako wa kumtetea ndio ungemzika mara ya pili. Ukweli, hata ule wa aibu, ndio uliomtoa."

Nililia, naye aliniacha nilie. Kisha alinipa kopo.

Nilikuwa sijaligusa tangu ile siku ya jikoni. Nililishika kwa mikono miwili, nikalisogeza sikioni, nikalitikisa. Chwa, chwa. Mbegu zilikuwa chache, lakini sauti ilikuwa ile ninayoijua.

"Linasemaje?" mama mdogo aliuliza.

"Wapo wote," nikamjibu, nikalirudisha kopo mahali pake.